Kumulika Sebene Kazimia

Tamasha lilipangwa kwa mbalamwezi, na sababu haikuwa mahaba. Kazimia ni mji wa wavuvi kwenye mwambao wa Fizi, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na usiku wa giza wapiga gitaa wake, wapiga ngoma wake, waimba besi wa kwaya na nusu ya watazamaji huwa ziwani na taa zao, wakiwaita ndagala, yaani dagaa. Mwezi ukikomaa samaki hutawanyika, taa za mitumbwini hazifui dafu, na wavuvi hubaki nchi kavu kushona nyavu na kugombana na wake zao. Hizo ndizo siku ambazo mwalimu wa kwaya anaweza kupata sauti zake zote nne. Kwangu mimi fundi taa ilikuwa na maana moja: nilikuwa nimeitwa ng'ambo ya ziwa kushindana na mwezi.

Nilivuka kutoka Kigoma, mwalo wa Kibirizi, kwa boti ya mbao. Injini nyuma, shehena katikati, abiria juu ya shehena. Chini yangu kulikuwa na katoni za sabuni na magodoro yaliyokunjwa. Kati ya magoti yangu, sanduku lenye vitu ambavyo nahodha alivihofia kuliko alivyohofia mawimbi. Taa nane za LED, zile za duara ambazo mafundi wote tunaziita pari. Taa mbili ndogo za kugeuza shingo. Kompyuta mpakato. Kibao cha AKAI chenye vitufe 64 na vitelezi tisa. Na ndani ya blanketi, kama akiba, konsoli ndogo ya chaneli 192, aina ile inayouzwa kila duka la vyombo vya muziki kuanzia Kariakoo hadi Bujumbura. "Kama kuna bomu humo niambie mapema tulitupe," alisema nahodha, akacheka peke yake.

Agosti ilikuwa inaishia. Upande wa Tanzania uvuvi ulikuwa umefunguliwa majuzi tu, baada ya ile miezi mitatu ya kupumzisha ziwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, utaratibu ulioanza 2024. Mwezi ulikuwa bado mwembamba na ulitua mapema. Basi ziwa lote lilikuwa limewaka. Zamani wazee walivua kwa moto wa kuni mbele ya mtumbwi na wavu wa mkono. Zikaja karabai, zikatawala miongo mingi. Leo ni LED na betri, nyeupe kali, safu baada ya safu. Mitumbwi miwili imeungwa kwa miti, wavu umening'inia katikati, taa zinatazama maji. Ndagala, wa aina mbili za ziwa hili, wanapanda kuifuata nuru, na mikebuka wanapanda kuwafuata ndagala.

Njia hii imepitiwa na wengi wenye mizigo ya ajabu kuliko yangu. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akashukia Kibamba, kwenye mwambao huuhuu wa Fizi, na kufikia mwisho wa Novemba alikuwa ameshaondoka. Kuanzia 1996 msafara uligeuka: Wakongo kwa maelfu walivuka kuja kwetu, wakawekwa katika kambi za Nyarugusu, huko Kasulu, na Lugufu, wakazaa na kusomesha watoto huko. Wengi wamerudi. Ndiyo maana Kazimia unaweza kuuliza njia kwa Kiswahili cha Fizi ukajibiwa kwa Kiswahili cha Kasulu, na anayekujibu akakuuliza kama ile shule yake ya kambini bado ipo.

Bandarini walinifungulia sanduku. Askari aliichukua taa ya kugeuza shingo, akaigeuza shingo kwa mkono, jambo ambalo fundi yeyote angelia akiliona, akauliza kama inaruka. Nilimwambia hairuki. Alionekana kuvunjika moyo.

Umeme wa jukwaani ulikuwa wa gurupu, ndivyo wanavyoita jenereta huku. Gurupu moja dogo la esansi, yaani petroli, kwa ajili ya spika, na jingine dogo zaidi ambalo Papa mmoja mwenye duka la kuchaji simu alikubali kuliazima kwa usiku mmoja. Hilo la pili nililiomba kwa magoti. Spika za besi na taa zikinywa kwenye kisima kimoja, kila ngoma inapopigwa gurupu linashusha pumzi na taa zinashuka nalo. Hapa ndipo ninapowashukuru waliobuni LED. Pari za zamani, zile za ampuli ya wati 1000, nane tu zingetaka kilowati nane, na gurupu la Papa lingekufa kabla ya sala ya kufungua. Pari zangu nane za LED zote pamoja hazifiki kilowati moja. Miaka thelathini iliyopita tamasha lenye taa za rangi Kazimia lingehitaji jenereta la kubebwa na lori, na lori lingehitaji barabara.

Nilimwendea mwalimu wa kwaya kumwomba orodha ya nyimbo.

"Orodha ya nini, fundi?" aliniuliza. "Tutaanza na ile ya kuabudu. Kisha tutaona vile Roho atatupeleka."

Kiongozi wa bendi, ambaye angepanda baada ya kwaya, alikuwa na jibu lilelile lisilo na Roho ndani yake. "Sisi tunaangalia watu. Wakichoka tunabadilisha, wakiwaka tunaendelea."

Wapo mafundi ambao wangefunga masanduku na kurudi Kigoma. Katika matamasha makubwa taa hupangwa wimbo kwa wimbo: kila badiliko limeandikwa, lina namba, na fundi anabonyeza kitufe kimoja kusonga mbele, au kompyuta inajisogeza yenyewe ikifuata saa ya muziki. Ukimpa fundi wa namna hiyo wimbo asioujua, ni sawa na kumpa dereva wa treni baiskeli. Lakini iko shule nyingine. Candace Brightman alimulika Grateful Dead wa Marekani kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970, bendi iliyopanda jukwaani bila kujua itapiga nini. Chris Kuroda anafanya hivyo na bendi ya Phish tangu 1989, na mashabiki wao humhesabu kama mwanabendi. Hata huku kwetu, yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya konsoli kwenye tamasha la bendi nyingi kama Sauti za Busara, linalofanyika Unguja tangu 2004, anaijua hali hiyo: bendi imetoka mbali, imefika leo, inapanda leo, na wewe nyimbo zao unazisikia kwa mara ya kwanza pamoja na watazamaji.

Watu hudhani kumulika bila orodha ni kubahatisha vitufe. Ni kinyume chake kabisa. Anayefuata orodha anaweza kupanga ovyo kwa sababu usiku wa tamasha hatafikiri tena. Asiye na orodha lazima apange meza yake mpaka vidole vijue njia bila macho, kwa sababu usiku huo macho yanatakiwa jukwaani na masikio kwa mpiga ngoma.

Basi nilikaa chini ya mwembe, nyuma ya kanisa, kompyuta kwenye dawati la shule ya Jumapili, watoto wakiwa wamenizunguka kama nzi, nikaanza kupanga.

Taa za jukwaa karibu zote leo husikiliza lugha moja, DMX512, iliyotungwa 1986 na USITT, chama cha mafundi wa majukwaa cha Marekani. Waya mmoja hubeba chaneli 512, na kila chaneli ni namba tu, kuanzia 0 hadi 255. Pari yangu moja hutumia chaneli saba: ukali wa mwanga, nyekundu, kijani, bluu, na nyingine za mapambo. Taa ya kugeuza shingo hutumia kumi na moja. Nane mara saba, jumlisha mbili mara kumi na moja: 78. Kazimia nzima ilitosha kwenye robo ya kwanza ya waya, na nafasi ikabaki.

Programu ninayotumia ni QLC+, programu huria isiyolipiwa, na ndani yake kuna mtego ambao lazima uujue kabla ya kupanda jukwaa lolote. Konsoli ya taa huamua ugomvi kwa sheria mbili. Kwenye ukali wa mwanga, kubwa hushinda: vitelezi viwili vikiisukuma taa moja, inakitii kilicho juu. Kwenye rangi na uelekeo, ya mwisho hushinda: ukisema bluu baada ya nyekundu, inakuwa bluu. Hivyo ndivyo akili inavyotarajia. Sasa QLC+ huihesabu rangi nyekundu, kijani na bluu ya taa za LED kama ukali. Ukibonyeza nyekundu kisha bluu haiiachi nyekundu. Inazichanganya, na jukwaa zima linageuka zambarau. Ukiongeza kijani, linakuwa jeupe kama chumba cha upasuaji. Dawa ni kuviweka vitufe vyote vya rangi ndani ya fremu moja inayoruhusu kitufe kimoja tu kuwa hai: kipya kikiingia, cha zamani kinatoka. Ni jambo la dakika mbili, na usipolijua usiku mzima utapambana na zambarau.

Baada ya hapo nikavigawa vitelezi kwa kazi zake, si kwa nyimbo. Cha kwanza nyuso. Cha pili mwanga wa nyuma, unaochora mabega na kichwa. Cha tatu pande mbili. Cha nne taa za shingo. Cha tano kasi ya mwendo, cha sita ukubwa wa mwendo, na cha tisa, kule mwisho ambako kidole gumba hufika chenyewe, taa zote. Viwili nikaviacha wazi. Vitufe vya rangi nikavipanga safu mbili, kila rangi ikiwa katika zote mbili: safu ya juu inabadilisha rangi kwa sekunde nne, safu ya chini inabadilisha papo hapo. Rangi ileile, miendo miwili. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja ambacho kimewahi kuniokoa kwenye muziki wa Kikongo, nitakuonyesha safu hizo mbili.

Sababu ni sebene. Wimbo wa rumba, muziki ambao UNESCO iliuandikisha katika urithi wake Desemba 2021 kwa ombi la Kongo zote mbili, huanza taratibu, mwimbaji akilalamika kwa adabu, sauti zikiitikiana. Kisha wimbo unavunjika, na sebene inaingia. Gitaa la mbele linapanda juu na kuanza kuzunguka kishazi kimoja kifupi, ngoma inabadilika, maneno yanaisha, anaingia atalaku na kelele zake za kuchezesha watu. Bendi ya Zaïko Langa Langa ndiyo iliyomkaribisha atalaku katika muziki huo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpiga ngoma wake, Meridjo Belobi, ndiye anayetajwa kwa kuleta cavacha, mpigo ule wa mbio ulio kama treni inayovuka daraja. Kwaya za huku nazo zina sebene, wokovu haukuizuia. Sehemu ya kwanza inataka safu ya juu ya vitufe, sekunde nne, pumzi ndefu. Sebene inataka safu ya chini. Na mlango kati ya sehemu hizo mbili haupigi hodi.

Hapa ndipo konsoli zinazojifanya zinasikiliza muziki zinapodanganya watu. Ile ya akiba niliyoifunga kwenye blanketi ina kipaza sauti kidogo ndani. Ukiiweka kwenye hali ya muziki inaruka rangi kila isikiapo kishindo. Inaruka pia gurupu likikohoa, na mtu akigonga meza. Zaidi ya hayo, hujibu baada ya kusikia. Taa inayochelewa hata kidogo nyuma ya ngoma inaonekana kama mchezaji asiyejua wimbo. Mwanga unatakiwa ufike pamoja na mpigo, kwa hiyo mwenye kuuleta lazima ajue kwamba mpigo unakuja, na kipaza sauti hakijui. Mpiga ngoma anajua. Nilihudhuria mazoezi yao nikimtazama yeye tu: kabla ya sebene anainua kiwiko cha kushoto na kumtupia jicho mpiga solo. Kiwiko hicho ndicho kilichokuwa orodha yangu ya nyimbo.

Siku ya kufunga taa, nyaya zilipounganishwa kutoka taa hadi taa kwa mfululizo, ya mwisho ikaanza kupepesa kama mwenye mchanga jichoni. Mwisho wa mnyororo wa DMX hutakiwa kuwa na kizuizi cha omu 120, la sivyo ishara hugonga mwisho wa waya na kurudi kuwasumbua wenzake. Changu kilikuwa kimebaki Kigoma au ziwani, Mungu anajua. Nikaenda kwa fundi redio sokoni. Alikuwa na kopo la maziwa lililojaa maungo ya redio zilizokufa. "Mia moja ishirini," nikamwambia. Akachambua kwa ncha ya kidole akiimba rangi chini kwa chini, kahawia, nyekundu, kahawia, akanipa. Hakutaka pesa. Alitaka nafasi ya kukaa karibu na konsoli.

Jioni ileile shefu, kiongozi wa mtaa, alikuja kuliona jukwaa, mbao za mitumbwi juu ya mapipa, nguzo za mikaratusi. Alizunguka mara moja, mikono nyuma.

"Fundi, mambo mawili. Usituzimie taa zote gafula. Na zile za kumulikamulika kama risasi, ziache hukohuko kwenu."

"Kwa nini, Papa?"

"Watu watakimbia. Na wakikimbia kuna watoto."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Fizi imeona vita vya 1996, vya 1998 na vilivyofuata, na makundi yenye silaha hayajaisha milimani. Giza la ghafla katikati ya umati, ambalo Dar es Salaam hupigiwa vigelegele, hapa lina historia. Nikaondoa mwanga wa kupepesa kwenye programu kabisa, usije ukaguswa kwa bahati mbaya, na kitelezi cha taa zote nikakiwekea kikomo cha chini: hata nikikishusha mpaka mwisho, asilimia kumi ya nuru inabaki.

Ndipo nilipoelewa ukubwa wa tatizo langu. Kwa nguvu, mwezi si mshindani: nuru ya mwezi mpevu haifiki hata luksi moja, na taa zangu jukwaani zinafika mamia. Lakini fundi taa hafanyi kazi na mwanga peke yake. Silaha yake ni giza. Analitoa kidogo kidogo, na kila analolitoa linaipa thamani taa inayofuata. Kazimia mwezi ulikuwa umenichukulia nusu ya giza langu, na shefu, kwa haki kabisa, alichukua nusu iliyobaki.

Aliyenisaidia ni kijana mvuvi aliyekuwa amepewa kazi ya kunibebea nyaya. Mitumbwi ilikuwa imeshavutwa ufukweni, taa zimeanikwa, na mimi nilikwenda kuziomba nne za mbele ya jukwaa, kwa sababu mama mmoja wa kwaya alikuwa amenipa malalamiko yenye uzito. Kwenye majaribio niliwawekea bluu. Alishuka jukwaani, akasimama mbele yangu, akauliza, "Fundi, uso wangu umekwenda wapi?" Alikuwa na haki. Bluu ya LED za bei nafuu huimeza ngozi nyeusi. Linabaki gauni na meno. Ngozi zetu zinapenda kaharabu na nyeupe yenye joto, na pari zangu hazina ampuli ya kaharabu. Zinaigiza kwa kuchanganya nyekundu na kijani, na uso unatoka kama wa mwenye homa ya manjano. Taa za wavuvi ni nyeupe kweli. Tulizifunika kwa chandarua kilichokunjwa mara mbili ili zisichome macho, juu yake kitambaa chepesi cha manjano kilichotoka kwenye sare za zamani za kwaya, na nyuso zikarudi.

Tukiwa tunazifunga nilimwuliza kijana namna wanavyovua.

"Unawasha zote, unangoja," alisema. "Samaki wanakuja lakini wametawanyika, huyu huku, yule kule. Ukiinua wavu saa hiyo umepata kidogo. Basi unazima moja. Unangoja. Unazima nyingine. Wale wa taa iliyozimwa wanahamia kwa jirani. Inabaki moja, wote wako chini yake. Hiyo nayo unaipunguza pole, wanapanda juu kabisa. Ndipo unainua."

"Ukizizima zote kwa pamoja?"

Alinitazama kama anayeanza kutilia shaka ufundi wangu. "Wanakwenda."

Usiku ule nilirudi chini ya mwembe nikavunja nusu ya niliyoyapanga. Kitelezi cha saba, nilichokuwa nimekiacha wazi, nikakipa kazi ya kijana: kikiwa juu taa zote za jukwaa zinawaka, ukikishusha zinaondoka moja moja kutoka pembeni kuja katikati, na ya mwisho kabisa ni ile iliyo juu ya mwimbaji. Hakuna giza kuu. Jukwaa linapungua tu mpaka macho ya watu yasiwe na pengine pa kwenda. Ukikipandisha kwa kishindo jukwaa linafunguka lote. Kitelezi kimoja, bila namba wala orodha, kinachofuata mkono wangu kwa mwendo wowote wimbo utakaochagua. Nyekundu nayo niliamua kuifungia: hakuna atakayeiona kabla ya sebene ya bendi.

Jukwaa tulikuwa tumeliweka mgongo ukielekea ziwani. Mwezi ulichomoza upande wa kwetu, Tanzania, wakati wa sala ya kufungua, ukapanda nyuma ya kwaya ya kwanza na kuwachora mabega bila kunywa esansi ya mtu. Kitelezi cha pili sikukigusa kwa muda mrefu. Kwaya zilipokezana. Kwenye wimbo wa kuabudu, binti mmoja alianza peke yake, na nikakishusha cha saba taratibu, pembeni, pembeni, mpaka akabaki yeye. Fundi redio, ambaye alikuwa amejikalia kwenye kreti kando yangu, aliacha kutafuna.

Vumbi ndilo lililokuwa moshi wetu. Mashine ya moshi ina kipasha joto kinachokula umeme kuliko pari zangu zote, kwa hiyo sikuja nayo, na bila moshi miale ya taa za shingo haionekani hewani. Lakini watu walipoanza kucheza kwenye ardhi ya kiangazi, vumbi likapanda, na kutoka vibanda vya kukausha samaki upepo ukaleta moshi wake. Miale ikajitokeza, mipana, ya kahawia kidogo. Wadudu nao walikuja kwa wingi, hasa kwenye bluu. Nilijifunza kuiacha bluu haraka.

Bendi ilipanda usiku umeshakomaa. Wimbo wa kwanza ulikwenda taratibu, rangi ya kwanza kwa sekunde nne, ya pili kwa sekunde nne, kijani kibichi na nyeupe ya wavuvi. Niliondoa macho kwenye kompyuta. Mpiga ngoma akainua kiwiko cha kushoto, akatupa jicho, na vidole vyangu vikaenda safu ya chini, nyekundu, papo hapo, cha saba juu. Gitaa lilipanda na taa. Umati ulipiga kelele, nami bila aibu nilijichukulia sehemu yangu ya kelele hizo. Baada ya hapo kosa kubwa lingekuwa kubadilisha rangi kwa kila mpigo. Kwenye kasi ya cavacha rangi zinageuka uji na jicho linachoka. Nilihesabu vishazi vya gitaa, nikibadilisha kila mpiga solo alipomaliza mzunguko wa nne, na katikati nilicheza na kitelezi cha sita tu, nikiupanua mwendo wa taa za shingo atalaku alipozidi kupandwa.

Wimbo wa mwisho nilimwachia kijana. Alikuwa amesimama nyuma ya bega langu usiku wote. Alifanya jambo ambalo mimi nisingelifanya: sebene ilipoingia, badala ya kufungua jukwaa, alizishusha taa za nyuso mpaka chini na kusukuma mwanga wa nyuma hadi juu, na wachezaji wakawa vivuli vyeusi vyenye ukingo wa moto, viuno vikisema vyenyewe. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nikafunga. Mama wa kwaya alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakicheza mbele, na safari hii hakuuliza uso uko wapi.

Konsoli ya akiba niliiacha Kazimia, kwa makubaliano na kanisa kwamba ninapoihitaji nitaifuata. Asubuhi ya kuondoka tulikaa na kijana kuipanga. Inaweza kuhifadhi mandhari 240: benki thelathini, kila benki mandhari nane. Nilimwonyesha namna ya kurekodi, nikamwambia anazo 240, ajaze.

"Tano zinatosha," alisema.

Akazirekodi na kuzibandikia karatasi. Uso. Mgongo. Maombi. Sebene. Ya tano aliirekodi kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, akienda hadi mwisho wa uwanja na kurudi, akiinua pari moja na kuinamisha nyingine mpaka hapakuwa na kona yenye kivuli. Ikaandikwa Nyumbani. Nikamwuliza ni ya wimbo gani.

"Si ya wimbo," alisema. "Ni ya kutafutia ndala na watoto."